Dada yangu anataka nankatai zangu zitoke dukani

Admin, ficha jina langu. Dada yangu anafuata hii page na najua atasoma. Asome tu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, naishi Kimumu hapa Eldoret. Kwetu ni Vihiga lakini tumezaliwa na kulelewa hapa hapa. Tuna bekari ndogo mimi na dada yangu mkubwa, tulianzisha pamoja. Yeye alisomea chuo cha hoteli Nairobi akafundishwa mambo ya Ulaya: croissant, eclair, tart za matunda. Mimi baada ya form four nilienda kufanya kazi ya nyumba kwa mama mmoja Mhindi mjini, Mama Jaya, na jikoni kwake ndiko nilijua kuoka. Alinifundisha nankatai, zile biskuti za samli na iliki zinazoyeyuka mdomoni kabla hujatafuna, na khari, zile kavu za tabaka nyingi za kunywea chai.

Sitamwonea dada. Croissant zake ni tamu sana. Anakunja siagi baridi ndani ya unga, anapumzisha, anakunja tena, na zikitoka kwa oveni nje zinavunjika na ndani ni laini kama pamba. Lakini hata khari hukunjwa na kupumzishwa hivyo hivyo! Tofauti ni kwamba yake ina hamira na inataka kuliwa ingali moto, yangu haina, inakaa kwa mkebe wiki nzima na bado inalia kau kau. Yeye anasema moja ni ufundi, ingine ni vitu za kibanda.

Mwezi uliopita wakwe wa ndugu yetu, watu wa bibi harusi wake, walikuja nyumbani kutoka Kesses. Dada alipanga meza na vitu vyake vyote. Sahani yangu ya nankatai niliikuta jikoni imefunikwa na sufuria. Nikaichukua nikaiweka mezani. Shangazi wa bibi harusi akaonja moja, akauliza, "Hizi ni za nani? Zimepikwa aje?"

Kabla nijibu, dada akacheka. "Hizo ni za huyu wetu. Alikuwa mboch kwa Wahindi, ndio hawezi achana na hizo vitu."

Wageni wakaangalia vikombe vyao. Miguu yangu ilisimama yenyewe.

"Ndiyo, nilikuwa mboch wa kazi za nyumba," nikasema. "Niliosha choo na nikajifunza kuoka. Wewe ulifunzwa na mwalimu, mimi nilifunzwa na Mama Jaya. Hakuna mahali nimeiba."

Baba akasema, "Kaa chini." Sikukaa. Nilizungusha ile sahani kwa kila mgeni, nikamweleza shangazi juu ya samli na iliki, kisha ndio nikakaa.

Wageni walipoondoka, Baba aliniambia nimeaibisha familia mbele ya wakwe. Hakumwuliza dada neno hata moja. Mama alinivuta kando akaninong'oneza, "Omba tu msamaha, mambo iishe. Ni dada yako mkubwa." Nikamwuliza, "Mama, msamaha wa nini?" Akaanza kukusanya vikombe.

Jumatatu nilioka nankatai nikazipanga shelfu ya mbele, karibu na croissant. Dada akazitoa. Nikazirudisha. Akazitoa tena mbele ya wateja, nikazirudisha tena mbele ya hao hao wateja. Jioni akanitumia ujumbe tukiwa ndani ya duka moja: nimwombe msamaha mbele ya Baba na niache kuoka vitu za Wahindi, ama nitoke.

Nampenda dada yangu. Yeye ndiye alinibeba mgongoni nikiwa mdogo. Lakini hii mikono haitaona haya juu ya kile inajua.

Kuna chumba cha duka kiko wazi kando ya barabara hapa Kimumu, na mwenye chumba amekubali kuningojea. Nikihama, najua Baba atasema nimevunja familia. Nikibaki, kila asubuhi ni vita ya shelfu. Nyinyi mnaosoma hii, mliofanya biashara na ndugu zenu, niambieni: nitoke nikaanze yangu, ama nibaki nipiganie mahali pangu? Nishaurini chochote. Kitu kimoja tu msiniambie ni niombe msamaha. Huo hautaokwa hapa.