Mnasema Naimba kwa Raha

Siku ya kwanza kiwandani kule Mbinga nilipewa stuli ya mbao, kitambaa cha kuziba pua na onyo. Onyo lilitoka kwa Msimamizi wa Meza, mama wa huku huku ziwani kama mimi, aliyenitangulia kazini miaka mingi. "Mikono isisimame," aliniambia. "Mdomo ni wako."

Ninyi mnaokoroga kahawa ya kopo hamjui ilikopitia. Wakulima wa milimani Mbinga waliileta ikiwa bado na ganda lake kavu. Mashine iliikoboa, machekeche yakatenga punje kubwa na ndogo, kisha ikamwagwa mezani kwetu wanawake. Kuchambua ni kutoa kwa vidole punje nyeusi, zilizopasuka na zilizotobolewa na wadudu, kutwa nzima. Vumbi la maganda liliwasha koo na mashine iliunguruma hata jirani yako humsikii mpaka apige kelele. Wenzangu wengi walichagua kunyamaza. Mimi niliimba, tena kwa sauti ya kuishinda mashine.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu waliponikosea. Kwetu Chiwanda, kando ya ziwa, mwanamke akitwanga muhogo huku anaimba kidogo na kuacha, anatwanga tu. Akiimba mfululizo tangu asubuhi mpaka jua limepanda, watu wazima wanatazamana. Mke wa mtu hawezi kusimama uani akalalamika, ataonekana hana adabu. Lakini kuimba hakatazwi. Mama mkwe wangu aliponisikia hivyo aliwaacha usipa, dagaa wake wa ziwani, juani, kunguru wakiwatazama, akaja kukaa karibu na kinu. "Haya mwanangu, nini?" Hakuwahi kuniuliza nimefurahia nini.

Meneja wa kwanza, wa ushirika, alikuwa mtu wa kupita na kuitikia salamu. Kisha likaja soko huria, ushirika ukashindwa, kiwanda kikauzwa kwa mtu binafsi. Meneja Mpya alifika na pikapu nyeupe na wageni wa kila namna. Huyo alipenda kuimba kwangu! "Huyu mama ndiye redio yetu," aliwaambia wageni. "Wafanyakazi wangu wana raha, msikilizeni wenyewe." Wageni wakatabasamu, wengine wakanipiga picha.

Raha gani? Mwaka ule mume wangu alikuwa amelala katika chumba chetu cha kupanga, kifua kimemshinda kila daktari. Binti yangu Stela, wakati ule yuko darasa la saba, alikuwa akitoka shule mbio kwenda kumgeuza baba yake na kumnywesha uji. Mimi mezani naimba tangu kengele ya kuingia mpaka ya kutoka, kwa sababu ningenyamaza ningepiga mayowe. Wakasema nina raha.

Ndipo likaja neno la kupunguza wafanyakazi. Meneja aliniita ofisini, Msimamizi amesimama pembeni ya meza yake.

"Mama Stela, wewe nimekuweka kwenye wanaoondoka kwa sababu najua utamudu," alisema, tena kwa upole kabisa. "Wenzako wanakuja wamenuna, wana matatizo makubwa majumbani. Wewe kutwa unaimba."

Nilimgeukia Msimamizi. Yule alizaliwa ziwani, ametwanga muhogo, ameimba. Alikuwa anatazama pindo la kanga yake.

"Mama, mwambie basi," nilisema.

"Meneja ameshaamua," alijibu.

Mume wangu alifariki kabla ya msimu uliofuata wa kahawa. Stela alichaguliwa kwenda sekondari na hakwenda. Baadaye nilipata kazi ya kupika katika shule moja ya bweni kule Namswea, nikaifanya mpaka magoti yalipokataa. Siku ya kuniaga, Mkuu wa Shule alisimama mbele ya watoto akanisifu kuwa mama mchangamfu, mwenye nyimbo. Nilipokea zawadi ya vitenge huku nimeuma meno.

Niliporudi ziwani kupumzika nilikutana na Msimamizi nje ya kanisa, ana mkongojo. Nikamwamkia, maana ni mkubwa wangu.

"Marahaba, Mama Stela. Bado unaimba?"

"Kumbe ulikuwa unanisikia?"

"Kila siku."

"Na ulijua?"

"Mimi mwanamke wa hapa, nisijue?" Akashusha sauti. "Nami nilikuwa na watoto, mama. Nami nilikuwa na kiti changu pale."

Zamani ningekwenda nyumbani nikaliimba jambo hilo kwenye kinu. Siku ile nilimwambia pale pale, watu wakigeuka: "Mama mkwe wangu aliwaachia kunguru usipa wake ili aniulize. Wewe ulishindwa hata kuinua macho." Akalia. Sikumbembeleza, na hata leo sijutii.

Hasira haijaniisha, nisiwadanganye. Ninyi wenye wafanyakazi, mkimsikia mtu anaimba bila kupumzika, msikimbilie kumsifu. Mwulizeni.

Juzi nilikuwa kwenye kinu, nimeanza wimbo tangu asubuhi. Jirani kijana akapita njiani akaniambia, "Shikamoo bibi, leo una raha!" Kabla sijamjibu, Stela, ambaye sasa ana wajukuu wake, aliipua chungu chake jikoni, akafuta mikono kwenye kanga, akavuta kigoda karibu yangu.

"Haya mama," alisema. "Nini?"