Kengele ya Upande wa Kulia

Sebule yangu si yangu. Nimeolewa miaka ishirini na saba, na kwa muda wote huo sijawahi kuamua kochi likae wapi. Linakaa pale mume wangu alipobandika vipande vya utepe mweupe sakafuni, na ukilisogeza vidole viwili ili ufagie, atajua. Zulia nililolipenda lilikataliwa kwa kuwa ni jembamba. Pazia nisilolipenda lilikubaliwa kwa kuwa ni zito. Wageni wakiuliza kwa nini runinga iko chumbani, huwaambia kwamba sebuleni wanaishi wenye nyumba, sisi ni wapangaji tu. Wao hucheka. Mimi nilishaacha.

Wenye nyumba ni spika. Kazi ya mume wangu ni kusikiliza spika za bei mbaya, zile ambazo jozi moja unanunulia gari, na kusema kama zinafaa. Duka linalomtumia liko katikati ya mji, lina vioo na kiyoyozi, lakini mwenye duka anajua kwamba dukani kila spika ni nzuri. Mteja hatakwenda kusikilizia muziki dukani. Atausikiliza kwake, penye dirisha, kabati la vyombo na mke anayepita na ndoo. Kwa hiyo jozi inayokaribia kuuzwa huletwa kwetu kwanza, ikakaa wiki nzima, na Jumamosi dereva wa duka huja kuichukua pamoja na karatasi mbili za maoni ya mume wangu. Wateja huziamini karatasi hizo kuliko wanavyoyaamini macho yao. Wamembandika jina la Masikio, na mwenye duka, ambaye hamwinukii mtu, mume wangu akiingia huinuka kwenye kiti.

Watu hudhani ni kazi ya starehe, kukaa kwenye kochi na kulipwa. Waje wakae. Jumatatu nzima ni kupima kwa futi ya chuma kutoka ukutani, kugeuza spika kidogo, kurudi kochini, kuinuka, kugeuza tena. Jumanne zinaachwa ziimbe peke yao mpaka zilegee, nami nafua nikisikia ngoma zile zile mpaka kichwa kinauma. Jumatano ni sauti ya mtu akisoma kitabu, kwa sababu anasema kila mtu anajua sauti ya binadamu, haidanganyi. Ndipo inapokuja diski yake.

Diski hiyo ameitumia miaka thelathini. Kuna mwanamke anaimba, kuna gitaa, kuna ngoma inayopanguswa kwa brashi, na dakika ya tatu kengele ndogo inalia mara moja tu, upande wa kulia. Anasema spika mbovu huimeza, spika ya kawaida huipiga kama kijiko kwenye glasi, na spika nzuri huiacha ielee hewani mpaka uanze kuitafuta kwa macho. Inapolia, huinua kidole cha shahada. Siku zote lazima niwe nimekaa pembeni yake. "Kaa hapa mama watoto, kaa tu," husema, nami nakaa mikono mapajani, maana hata mchele siruhusiwi kuchambua, unachakacha. Zamani alikuwa akifumba macho muziki ukianza. Miaka ya karibuni aliacha, akawa ananitazama mimi, nami nikajidanganya kwamba uzee unamrudishia mapenzi.

Jambo moja nilikuwa nalijua na nimelikalia kimya. Friji ikiachwa wazi inalia pii pii pii, na yeye anapita mbele yake bila kugeuka. Simu yake ikiita ndani ya mfuko wa koti, mimi ndiye ninayemwambia. Mjukuu wetu akimnong'oneza, anaitikia "ehe, ehe" kisha ananiangalia mimi. Ningemwambia nini? Fundi cherehani ukimwambia haoni uzi, umembakizia nini? Nikawa napokea simu, nafunga friji, namjibia mtoto, na maisha yakaenda.

Wiki ile zilipoletwa spika za jaji, mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka kumuuguza mama yangu. Alikuwa amevunjika nyonga, na wiki tatu nililala kwenye benchi la wodi. Niliporudi nilikuta masanduku mawili marefu kama majeneza yamesimama sebuleni. Jaji alikuwa amestaafu, alikuwa ameweka akiba miaka mingi kwa ajili ya jozi hiyo, na alikuwa amemwambia mwenye duka kwamba hasaini kitu mpaka Masikio aseme. Mume wangu akapiga kochi kwa kiganja, kama kawaida.

"Kaa hapa mama watoto."

"Sikai," nikamwambia. "Nimechoka. Nimechoka na spika, nimechoka na hilo kochi, na huyo mwanamke wako wa kwenye diski namjua kuliko ninavyowajua dada zangu."

Hakubisha. Akasema sawa, na nilipoingia chumbani akaurudisha mlango taratibu. Nililala mchana kutwa, na kesho yake pia.

Alhamisi alasiri niliingia kufagia. Karatasi za maoni zilikuwa tayari mezani, zimeandikwa kwa ule mwandiko wake wa kunyooka. Nikasoma mistari miwili nikiwa nimesimama: "Sauti za juu ni safi na hazichoshi. Kengele inaelea vizuri, pengine kuliko jozi zote za mwaka huu." Yeye alikuwa kochini, amefumba macho, diski inazunguka. Alishamaliza kazi, alikuwa anajiburudisha tu. Nikasimama na ufagio wangu nisimkere, nikingoja wimbo uishe.

Mwanamke akaimba, brashi zikapangusa ngoma. Dakika ya tatu ikafika. Kidole cha mume wangu kikainuka, pale pale panapotakiwa, na usoni akatabasamu.

Kengele haikulia.

Nilidhani ni uchovu wangu. Nikaweka ufagio chini, nikaenda kwenye spika ya kulia, nikainama mpaka sikio langu likakaribia ile twita, kile kiduara kidogo cha juu kinachotoa sauti nyembamba. Kimya. Nikaenda ya kushoto. Ile ilikuwa inachiriza sauti za brashi kama kawaida. Ya kulia ilikuwa inatoa sauti nzito na za kati tu, juu hakuna kitu. Alikuwa ameisikiliza siku nne, akaisifia kengele isiyokuwepo, kwa sababu kengele hiyo ilishaingia kichwani mwake miaka mingi na ilikuwa inalia humo kwa wakati wake.

Sitajifanya mtakatifu. Nilifikiria kuuokota ufagio wangu na kutoka. Jumamosi dereva angekuja, jaji angelipa, na mume wangu angebaki Masikio. Lakini je, siku jaji akimwita mjukuu wake mwenye masikio mazima, halafu ile karatasi ikatolewa mbele za watu? Nikapiga moyo konde.

"Baba watoto, kengele haikulia."

Akafumbua macho. "Imelia."

"Haikulia. Twita ya kulia imekufa."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Aliinuka, akapiga magoti nyuma ya amplifaya, akabadilisha nyaya, wa kulia akaupeleka kushoto na wa kushoto kulia. Ndivyo wanavyofanya watu wa kazi hiyo. Kosa likihama, tatizo liko kwenye nyaya au kwenye mashine, na likibaki palepale, spika yenyewe ndiyo mgonjwa. Akaurudisha wimbo nyuma, tukasimama bega kwa bega. Dakika ya tatu kengele ikalia upande wa kushoto, safi kabisa, hatua tatu mbele yetu.

Akanigeukia. "Imelia?"

Nilidhani masikio yake yamepungua. Sikujua kwamba hana kitu kabisa huko juu.

"Imelia," nikasema. "Kushoto. Ya kulia bado haina kitu juu."

"Basi spika ni mbovu." Akazima mashine, akakaa chini sakafuni, hakukaa kwenye kochi. Nikamuuliza tangu lini.

"Kengele? Miaka minne."

"Na hizo karatasi zote ulizoandika?"

"Nilikuwa nakuangalia wewe," akasema. "Sauti ya juu ikiwa kali, unakunja paji la uso kabla hata hujajua. Ikiwa imefifia, unaanza kutazama dirishani. Kengele ikiwa nzuri, unaacha kupumua kidogo. Uso wako haujui kuficha. Hukunikosesha hata jozi moja." Akapangusa vumbi magotini. "Wiki hii hukukaa. Nikasema, diski naijua, nitajikaza mwenyewe."

Hasira ndiyo iliyonijia kwanza. Miaka minne ninakalishwa kama chombo cha kupimia, nami nadhani natazamwa! Halafu nikakumbuka friji na simu na mjukuu, nikaona kwamba tulikuwa tunafichana kitu kimoja, kila mtu na upande wake, na hasira ikaniishia. Nilichobaki nacho ni uchovu tu.

Alimpigia mwenye duka, akaweka simu kwa sauti kubwa, akamweleza yote bila kupunguza, na la masikio yake pia.

"Kaka," mwenye duka akasema, "huyo jaji ana miaka sabini na mbili. Hiyo kengele hata yeye hataisikia. Karatasi si umeshaandika? Niachie mimi. Shemeji yupo hapo? Shemeji, mwambie apumzike."

Hakuwa na ubaya, naamini alitaka kumsaidia. Lakini nilimwona mume wangu akizeeka mbele ya macho yangu. Miaka thelathini alidhani ameajiriwa kusikia, na sasa anaambiwa kwamba kilichokuwa kinatakiwa ni karatasi.

"Nitakupigia," akasema, akakata.

Alichana karatasi zile mbili. Akachukua nyingine, akaandika akiwa ameiegemeza kwenye goti, mwandiko ukienda kombo kidogo. Akanipa nisome.

"Spika ya kulia twita yake haifanyi kazi. Zisiuzwe. Sikuigundua mimi, kwa sababu sisikii tena sauti za juu, na kwa miaka minne nimeandika kwa kumtegemea mke wangu. Yeye ndiye aliyesikia."

Alikuwa ameshaweka sahihi. Akanisogezea kalamu.

"Weka na yako."

"Niweke kama nani? Wao wananijua kama shemeji tu."

"Kama msikilizaji."

Nikaweka sahihi chini ya yake. Sikuona fahari yoyote, sitasema uongo. Nilijua kwamba dereva akiondoka Jumamosi na karatasi hiyo hatarudi na jozi nyingine, na kwamba sebule itakuwa yangu, na kwamba sikuwa nimeitaka kwa namna hii. Yeye aliikunja karatasi, akaiweka mfukoni. Kisha akaniomba, kwa aibu kama mtu anayeomba maji kwa jirani, nikae nimweleze spika zote za miaka minne ile zilikuwa zinasikika vipi.

Nikakaa chini pembeni yake, nikaanza na zile ndefu nyeusi zilizokuja mwanzo.