Moshi Uliochacha

Mdogo wangu alikuwa na pumu tangu utotoni. Alipofiwa na mume alihamia kwangu mjini, Msamala, tukawa wazee wawili nyumba moja, tunagombania kigoda kimoja cha jikoni. Kila kiangazi kifua chake kilipiga filimbi. Mwaka juzi kilizidi.

Mchawi nilimjua. Jirani alikuwa anachoma tanuri la matofali nyuma ya choo chetu, moshi unaingia mpaka kwenye chungu cha mboga. Nikamwendea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Tanuri lako litamuua mdogo wangu."

"Siku tatu tu, mama, nimalize. Na nyie si mnapikia kuni?"

Nilimtukana maneno ambayo mwanamke wa umri wangu hatakiwi kuyajua. Kesho yake nikafunga mizigo, tukaenda kijijini kwetu, vilimani.

Sisi tuliokulia shambani tunausoma moshi kwa pua. Mabua ya mahindi yana harufu yake, nyasi mbichi zina yake. Moshi usionuka, kwetu si moshi. Kule hakukuwa na tanuri wala moto. Weupe tu ulikuwa umelala juu ya bonde, nyumba za ng'ambo hazionekani. Nikasema ni ukungu, nikafurahi. Nikamtandikia mkeka barazani avute hewa ya nyumbani.

"Dada, ukungu gani huu wa saa nane mchana?"

"Wa milimani. Mjini kumekusahaulisha."

"Ukungu unalowesha. Nimepita kwenye majani, miguu mikavu."

"Vuta hewa, acha ubishi. Umezaliwa mbishi."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Siku ya nne alisema koo linamwasha kama amemeza magadi. "Turudi, dada." Nikamwambia asubiri, hewa safi ni kama dawa ya mizizi, haifanyi kazi siku moja. Jua la jioni lilikuwa jekundu, unalitazama bila kufumba macho, nami nikalisifia.

Siku ya sita midomo yake ilibadilika rangi. Tulimpakia kwenye bodaboda, katikati yangu na dereva, mpaka zahanati. Muuguzi alimwekea dawa ya kuvuta, akauliza tumetoka wapi. Nikamweleza, kwa majivuno kidogo, kwamba nilimkimbiza asivute moshi wa mjini.

"Bibi, huo mlioukalia ndio moshi."

"Haunuki."

"Umetoka mbali. Wanachoma misitu na mashamba upande wa Tunduru, na huko Msumbiji. Upepo unaubeba siku nyingi, jua linaupika njiani. Harufu inapotea. Hata ile hewa iliyochanganyika na moshi inageuka vumbi, dogo kuliko unga, linashuka mpaka ndani kabisa ya kifua."

"Kama togwa," nikasema. "Ukiiacha siku nyingi inakuwa pombe, si togwa tena."

"Eeh. Umechacha."

Mdogo wangu alisikia yote, kikombe cha plastiki kimemfunika pua na mdomo. Alinitazama. Akanisogezea nafasi kitandani nikae. Afadhali angenigombeza.

Alifariki kesho yake, saa nne asubuhi, mkono wake umo mkononi mwangu.

Waliokuja matangani nawakumbuka kila mmoja kwa jina. Wote waliniambia neno moja: ulifanya uwezavyo, ulimtoa kwenye moshi. Nilikuwa naitikia, "Kazi ya Mungu." Sikumrekebisha hata mmoja.

Matanga yalipoisha, mvua ilikuwa inakaribia na shamba letu lilikuwa halijachomwa. Kwetu mkubwa wa ukoo ndiye anayewasha moto wa kwanza, na mkubwa ni mimi. Binamu yangu mmoja akaniletea kiberiti, wengine wamesimama na matawi mabichi ya kuzuia moto usivuke mpaka.

"Washa, dada. Upepo mzuri huu, moshi wote utaenda zake."

Miaka yote tumesema hivyo. Tunapima upepo kwa kurusha majivu, na ukielekea mbali na nyumba zetu tunashukuru. Sikuwahi kufikiri kwamba huko unakokwenda kuna mtu kalala barazani.

Nikamrudishia kiberiti. Nikasema tulime hivyohivyo, mabua tuyafukie.

Walinung'unika mpaka jioni. Jembe lilikuwa linakwama kwenye mabua, na mimi sikuwaeleza kwa nini.