Uso wa Kwenye Kadi

Jumatatu, tarehe 12 Mei. Kumekucha na baridi, upepo mkavu, mbingu haina wingu hata moja. Mvua zimekwisha kabisa, na vumbi la barabara ya Mpanda limeanza kukaa juu ya majani ya migomba.

Nitaandika ya leo kama yalivyokuwa, ingawa sina uhakika kama nitayapanga vizuri. Niliishia darasa la saba, na hata huko nilikuwa naweza hesabu kuliko insha.

Nilikwenda benki kufungua akaunti. Msimu huu ndio wa kwanza nimelima tumbaku kwa jina langu mwenyewe na siyo la mume wangu, na katibu wa chama chetu cha msingi hapa Katumba alishatuambia kwenye mkutano: "Malipo yanapita benki. Asiye na akaunti asije kunililia mimi." Hakunitaja. Lakini nadhani nilikuwa nimebaki peke yangu.

Walivyotaka nilikuwa navyo vyote: kitambulisho cha taifa, barua ya mtendaji yenye muhuri, picha mbili za pasipoti nilizopiga wiki iliyopita. Nilibeba na cheti cha uraia cha marehemu baba, maana sisi wa huku, watoto wa waliokuja kama wakimbizi, tumezoea kuulizwa tulikotoka. Lazima niseme kwamba leo hakuna aliyekiuliza.

Aliyenihudumia ni binti mdogo, mpole sana. Akashika kadi yangu, akaziweka picha mpya pembeni yake, akatabasamu.

"Mama, umenenepa. Hongera."

"Asante, mwanangu."

"Haya, weka kidole gumba hapa."

Nikaweka. Kile kimashine kikatoa taa nyekundu. Nikaweka cha pili, nyekundu. Akanipa karatasi yenye unyevu nijifute, tukarudia mkono wa kulia, tukaenda wa kushoto.

"Unalima tumbaku, mama?"

"Ndiyo."

"Basi ndiyo maana. Ule utomvu wake unakula alama. Wengi wanatusumbua hivyo hivyo."

Nyuma yangu kulikuwa na mzee wa Kisukuma aliyekuja na fimbo yake ya kuchungia mpaka ndani ya benki. Akasema kwa sauti ya watu wote: "Mama, ongea nayo taratibu. Hiyo mashine haivuti sigara." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa natokwa jasho lakini nilicheka.

Yule binti akageuza kioo cha kompyuta ili na mimi nione. "Picha ni wewe kabisa," akasema. "Ila mashine inakataa. Inasema vidole na namba haviendani."

Nikautazama ule uso. Pale ulikuwa mkubwa kuliko kwenye kadi, karibu sawa na uso wa mtu. Sitaki kujifanya niliona kitu. Nilijiona mimi. Nilichosikia ni baridi tu mgongoni, na inawezekana ilikuwa jasho linakauka.

Akanielekeza ofisi ya vitambulisho, akasema nikimaliza nirudi kwake moja kwa moja, nisipange foleni tena.

Huko nilimkuta baba mmoja mtu mzima, mtaratibu. Alinijaribu vidole viwili tu. Halafu akasoma, akauliza bila kuinua macho:

"Una pacha?"

"Nilikuwa naye."

"Jina lake?"

Nikamtajia. Akaandika, akasubiri, akanisogezea kimashine. Niliweka kidole gumba kile kile cha tumbaku, na taa ikawa ya kijani hapo hapo.

Akanigeuzia kioo. Jina lilikuwa la dada yangu. Uso ulikuwa wa mwanamke mwenye mashavu yaliyojaa, na kitambaa cha kichwani cha bluu, na hicho kitambaa nilikijua. Kilikuwa changu.

"Huyu ndiye wewe," akasema yule baba. "Na yule uliyenaye kwenye kadi ndiye yeye. Mlibadilishana?"

Nikasema hapana. Halafu nikasema sijui. Na mpaka sasa naandika bado najiuliza kama nilimjibu sawa.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Siku ya kujiandikisha tulikwenda pamoja, kwenye darasa la shule ya msingi. Mimi nilikuwa na kitinda mimba wangu mgongoni, na jina langu lilipoitwa alikuwa ananyonya na kulia kwa pamoja. Dada akaniambia, "Kaa. Ngoja niingie mimi, wewe utaingia kwa zamu yangu." Ndivyo tulivyoishi tangu utotoni. Bombani mmoja alipanga ndoo za wote wawili. Shuleni mmoja alikwenda kuchota maji ya mwalimu kwa niaba ya mwenzake na hakuna aliyejua. Watu wenyewe hawakuhangaika kututenganisha, walituita Pacha, yeyote kati yetu, na yeyote kati yetu aliitika. Kwa hiyo yeye aliingia na mimi nikamfuata baadaye. Sisi tulijua zamu ni ya kuingia mlangoni tu. Hatukujua kwamba jina lilikuwa limeshakaa kwenye mashine linasubiri uso na vidole. Kama waliuliza "wewe ni fulani?", sijui dada alijibu nini, sikuwepo ndani. Mimi nadhani niliitika tu. Siwezi kumlaumu aliyekuwa anaandika. Alituona wawili, sura moja, wote tunaitika.

Kadi zilipokuja kila mmoja alichukua yenye jina lake. Laini ya simu ninayotumia ni ya mume wangu, kaisajili yeye, kwa hiyo kidole changu hakikuwahi kuulizwa tena mpaka leo.

"Mwenzako yuko wapi?" yule baba akauliza.

"Alifariki. Huu unakwenda mwaka wa tatu. Figo."

"Taarifa ya kifo haijafika huku," akasema. "Kwenye mashine bado yu hai." Akaangalia vidole vyangu vilivyokuwa bado juu ya meza. Nilimshukuru kimoyomoyo kwa kutomalizia.

Akanieleza cha kufanya, taratibu, mara mbili. Nilete cheti cha kifo, barua nyingine ya mtendaji, na kadi zote mbili. Za zamani zinabaki kwao. Mimi nitaandikishwa upya, na yeye atafungwa. Neno alilotumia ni hilo, atafungwa. Siyo kosa lake, ndivyo wanavyosema.

Nikatoka nikakaa kwenye ngazi ya duka lililo jirani nikaitoa kadi. Nataka niandike hili vizuri, maana ndilo linanisumbua. Siku ile niliyoichukua kadi niliitazama nikasema, kumbe nimekonda hivi? Shingo ilikuwa imebaki mishipa, na chini ya macho kulikuwa kumevimba kidogo. Nilimwonyesha mume wangu, akasema ni ya kunyonyesha, ule sana. Nikala. Nilikula kwa ajili ya ile picha. Dada wakati huo alikuwa analima, anaimba kwaya, hajalalamika kitu. Alianza kulala kitandani mvua zilizofuata. Kwa hiyo ugonjwa wake ulikuwa umeshajionyesha, ila ulijionyesha kwenye kadi yangu, na mimi niliufunga kwenye pindo la kitenge nikatembea nao. Daktari pengine asingeweza kitu hata kama tungewahi. Pengine angeweza. Sijui.

Kilichonitia uzito zaidi ni mtoto. Dada aliacha binti mmoja, leo ana miaka kumi na mitatu, naye ni wetu sasa. Baada ya mazishi aliomba kitu kimoja tu, kadi ya mama yake, kwa sababu picha nyingine hatuna ila moja ya kwaya ambayo dada amezibwa na kichwa cha mtu. Anaiweka ndani ya mkebe wake wa hisabati. Nimeshamkuta mara nyingi anaongea nayo kabla ya kwenda shule. Na uso alioongea nao miaka yote hiyo ni wangu.

Nilipita kwa wanaotoa kopi nikaomba waikuze ile ya kwangu, ili tukiikabidhi tubaki na kitu. Ikatoka karatasi nzima, vidoto vidoto, macho mawili meusi. Yule kijana akasema, "Umetoka vizuri, mama." Nililipa, lakini hata mimi sikuweza kusema ni nani.

Nyumbani nilimweleza kwanza mume wangu. Akakuna kidevu. "Nyie wawili mlikuwa mnanichanganya hata mlipokuwa wawili," akasema. Halafu akaona uso wangu, akaongeza, "Mwambie mtoto leo leo. Usilale nalo." Hapo alikuwa sawa.

Nilimkuta anafua sare uani. Nikamwambia alete mkebe. Nikaweka kadi zote mbili juu ya kigoda, nikamsimulia yote kama nilivyoandika hapa, pamoja na zamu. Akazishika, moja kila mkono, mikono bado ina povu.

"Kwa hiyo huyu ni wewe, mama mdogo?"

"Ni mimi."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Akacheka ghafla, akaziba mdomo. "Mimi nilikuwa nakusemea kwake! Ile siku ulinichapa kwa ajili ya ndoo nilimwambia, mdogo wako ana roho mbaya."

"Basi taarifa zilinifikia," nikasema.

Tukacheka wote. Nikamwonyesha ile karatasi kubwa, akaitazama mara moja. "Huyu siyo mtu," akasema, akairudisha. Ndipo akaileta ile kadi yangu, yenye uso wa mama yake, karibu na macho. Akaanza kutafuta tofauti, nikaona kidole chake kimefika shingoni na kusimama.

"Hapa alikuwa anaumwa?"

"Nadhani. Hatukujua."

"Si ulikuwa nayo wewe hii?"

"Nilikuwa nayo."

"Na ulikuwa unaiangalia?"

"Nilidhani ni mimi."

 Aliiweka ile kadi juu ya kigoda, akaisukuma upande wangu, akaibana nyingine kifuani. "Hiyo sitaki," akasema. "Nataka yangu. Kwenye yangu mama ni mzima."

Nikamwambia hiyo yake nayo inatakiwa, zote mbili. Nikamwambia pia, kwa sababu ni haki yake kujua, kwamba silazimiki. Nisipozipeleka, tumbaku ya mwaka huu itapita kwa jina la baba mdogo kama miaka yote, na hatutalala njaa. Nitakosa akaunti, basi. Nilisema hivyo na nilimaanisha, ingawa sina hakika kama sauti yangu ilisema hivyo hivyo. Nani atanijua kuwa ni mkulima wa tumbaku kama jina langu halipokei hata shilingi? Lakini hilo la mwisho sikulisema.

Akarudi kwenye beseni, akasuuza sare, akaanika. Akaja na maji yanamchuruzika viwikoni.

"Mama mdogo. Kule kwenye mashine, mama yu hai?"

"Kwa mashine, ndiyo."

"Kwa vidole vyako."

"Kwa vidole vyangu."

"Na siku ukifa wewe, wataandika nani amekufa?"

Sikuwa nimelifikiria. Nikamjibu kwamba labda wangeandika mama yake, na mimi ningebaki hai na uso wake.

Akajifuta viwiko kwa gauni. "Hapana," akasema. "Siyo vizuri. Twende tukamtoe." Lakini akaweka sharti: atakwenda na mimi mwenyewe, na kadi zote mbili atazikabidhi yeye kwa mkono wake, nisimtangulie. Nikakubali. Mume wangu akasema atamwandikia mwalimu ruhusa ya Alhamisi, na kesho nitakwenda kwa mtendaji kwa ile barua ya pili.

Kadi bado ziko kwake. Nilipopita mlangoni nilizikuta amezilaza kitandani juu ya shuka, zimelingana kingo, na yeye amepiga magoti hazungumzi. Nilitaka kumuuliza anamtazama nani. Nikaona siyo swali langu.

Tumekula ugali wa muhogo na maharage ya mawese, na dagaa wa Ikola kidogo wa kuchoma. Mtoto amekula vizuri. Mimi nimekula nusu.