Simu Yangu Ilipewa Alama Zote, Gari Halikuja

Mwenzetu huyu yupo Dodoma na ameomba asijulikane. Msomeni mpaka mwisho ndipo mseme.

Admin, nifiche na kijiji usikitaje, maana huku tunajuana hata kwa mwendo. Mimi ni mama wa miaka 34, nesi kwenye zahanati ya huku mabondeni kunakolimwa mpunga. Nina kaka mmoja tu wa kuzaliwa. Baba alipofariki ndiye aliyenilea na kunisomesha mpaka nikavaa gauni jeupe la unesi. Leo anafanya kazi wilayani, mezani pa kupokea simu za magonjwa ya mlipuko. Haya ninayoandika yanamhusu yeye, ndiyo maana nimeyafuta na kuyaandika upya mara sijui ngapi.

Kipindi cha mvua walikuja wageni kupima nchi yetu imejiandaa kiasi gani likitokea gonjwa la mlipuko. Wilaya yetu ikachaguliwa. Tukaambiwa kutakuwa na zoezi la wiki nzima: kila zahanati, siku itakayoona yenyewe inafaa, ipige simu wilayani kutoa taarifa ya mgonjwa wa kuigiza. Wilayani watajibu "timu inatoka", wataandika muda, basi, hakuna gari linalowashwa. Sharti lilikuwa moja, uanze na umalize kwa kusema "hili ni zoezi". Nanyi mnatujua sisi. Watu walikuwa wanasahau maneno hayo, wengine wanaona aibu kuyasema, kwa hiyo wale wa mezani wakazoea kuyajazia wenyewe. Ukipiga tu, wanaandika zoezi. Hata dripu zetu zilichukuliwa zikapangwe kwenye hema la kuonyesha wageni. Sisi tukabaki na moja.

Mimi zamu yangu ya kuigiza nilipanga Ijumaa. Alhamisi mchana Baba Nyemo akamleta mkewe kwa bodaboda, amefungwa kanga asidondoke. (Si majina yao.) Mama Nyemo ni jirani yangu, ndiye aliyenipikia uji nilipojifungua. Alikuwa anaharisha maji kama ya kuoshea mchele, macho yameingia ndani, sauti imekauka. Nikatundika ile dripu moja nikakimbilia simu. Akapokea kaka.

"Kaka, nina mgonjwa, kila dalili ni kipindupindu. Dripu inaisha. Leteni gari na dripu, nakuomba."

"Sawa, mdogo wangu, umeeleza vizuri sana. Timu inatoka sasa hivi."

Nilimshukuru Mungu, jamani. Nikarudi kwa mgonjwa nikamwambia, "Vumilia dada, gari linakuja." Mumewe akatoka kusimama barabarani ili dereva asipitilize. Dripu ikaisha. Nikimnywesha maji ya chumvi na sukari anatapika yote. Nikapiga tena. Kaka akacheka, akasema, "Wewe umeshapata alama zako, waachie wenzako laini." Akakata. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilipiga na kupiga, haikupokelewa. Nikatuma bodaboda akatafute gari lolote. Lilipopatikana lori la mpunga, Mama Nyemo alikuwa ameshakata roho mikononi mwangu, na mumewe bado yuko barabarani anachungulia gari la wilaya.

Kaka alikuja kwangu kesho yake. Mwanaume niliyemwona akilia mara moja tu, siku ya msiba wa baba, alipiga magoti sebuleni. "Nilidhani ni zoezi. Wote walikuwa hawasemi, na wewe hukusema." Nikamjibu ningesemaje zoezi wakati si zoezi? Akasema, "Najua. Lakini ukilitoa hili nimekwisha, na watoto wangu wamekwisha." Nampenda kaka yangu, na nilitamani kumpiga kofi.

Sasa sikieni lililonifanya niandike. Matokeo yametoka. Ile simu yangu ya Alhamisi imehesabiwa kwenye zoezi, na ndiyo iliyosifiwa kuliko zote: taarifa ilitolewa mapema, maelezo yalikamilika, majibu yalikuwa ya papo hapo. Alama zote. Wiki ijayo natakiwa niende mjini Dodoma, nisimame mbele ya wageni nieleze tulifanyaje. Nilimfuata bosi mmoja wa wilayani nikamweleza ukweli. Akanitazama kama mtoto. "Dada, hapa inapimwa nchi. Unataka kuiangusha nchi kwa sababu ya mgonjwa mmoja? Nenda kaeleze simu, hayo mengine hujaulizwa." Kaka naye anapiga kila siku. Hata haombi tena, ananisalimia tu na kukata.

Ningeweza labda kunyamaza. Lakini Jumapili nikitoka kanisani nilipita njia ya korongoni, nikamkuta Baba Nyemo na sururu, jasho linamtiririka, anavunja mawe na kuyapanga kwenye tope. Nikamwamkia, akaniitikia vizuri tu.

"Baba, mbona peke yako, na leo Jumapili?"

"Nesi, wewe ulipiga simu, nilikusikia kwa masikio yangu. Na wao walisema wanakuja. Basi gari la siku ile lilikwama hapa. Nimezunguka njia yote, pabaya ni hapa tu. Nataka siku nyingine likija kumchukua mtu, lipite."

Akaniuliza kama najua ni hapo hasa lilipokwama au ni mbele kidogo, asije akapoteza nguvu bure. Nikaweka biblia kando, nikamsogezea mawe.

Ndugu zangu, kaka ndiye baba yangu niliyebaki naye. Na yule mzee bado anajaza korongo. Nishaurini, mkinitukana pia nitasoma: nikisimama mbele ya wale wageni niseme nini, na yeye nimwambie gari lilikwama wapi?