Wali wa Mgeni

Kupika wali najua. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu ni kazi moja ya nyumbani ambayo hakuna mtu aliyewahi kunisahihisha. Nanunua mchele wa Magugu pale soko la Kilombero, ule unaonukia hata kabla ya kuoshwa. Nauchambua kwenye ungo, nauosha mpaka maji yaache kuwa meupe, naukaanga kidogo kwenye mafuta, kisha natia maji ya moto na chumvi. Maji yakikaribia kukauka nafunika na kupunguza gesi mpaka moto ubaki kidogo kabisa. Sufuria yangu ni ile isiyoshika chakula. Wali unatoka punje moja moja na chini hakubaki kitu, na hilo la chini ndilo nililokuwa najivunia zaidi.

Mama alipozidiwa na ugonjwa nilimleta kwangu mjini, mtaa wa Lemara. Alikuwa akiishi kule juu mlimani, kupita Tengeru, kwenye shamba letu la kahawa na migomba, pamoja na kaka yangu na mke wake. Hospitali walituambia hawana zaidi cha kumfanyia, turudi naye nyumbani tumpe chochote anachopenda kula. Nikamuuliza anapenda nini. Akasema chochote. Mgonjwa akikujibu hivyo, ujue umepewa kazi.

Nikampikia wali, kwa sababu sikuwahi kujua chakula kikubwa kuliko hicho. Kwetu tulipokuwa wadogo tulikula ndizi asubuhi na jioni, na makande siku mama alipochoka kumenya. Wali ulikuwa wa Krismasi na wa wageni. Mchungaji akija, au wakwe, mama alitoa mchele aliouficha kabatini, akapika kwa kuni na kupalia makaa juu ya mfuniko. Ule mweupe wa juu ulikwenda sebuleni kwenye sahani za kioo. Sisi tulibaki jikoni na yeye, kwenye moshi, tukisubiri akwangue ukoko. Alitugawia kwa mkono, na kile kipande kilichoungua kuliko vyote alikula yeye. Mgeni hakupewa ukoko hata siku moja, ingekuwa aibu.

Basi nikawa nampakulia mama ule mweupe, kwenye sahani yangu nzuri, na mchuzi wa kuku pembeni. Alikula vijiko viwili vitatu, akaweka kijiko chini taratibu.

"Asante sana. Umepika vizuri. Nimeshiba," alisema.

Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa. Nilibadilisha mboga, nikajaribu maharage, nikajaribu samaki, nikatia nazi, nikapunguza mafuta. Kila mara alinishukuru kwa adabu ile ile, na kila mara nilirudisha sahani jikoni ikiwa imejaa. Nilikasirika, tena sana. Nilikuwa namwona anaisha mbele ya macho yangu huku akinisifia mapishi. Ulikuwa msimu wa baridi, wingu limekaa juu ya Meru wiki nzima, na yeye alikaa dirishani na kanga yake mabegani akitazama upande ule ulipo mlima, ingawa hakukuwa na mlima wa kuona.

Siku moja nikashindwa kujizuia. "Mama, hiki chakula kina nini? Niambie tu."

"Hakina kitu, mwanangu. Ni kizuri. Lakini nitakuwa mgeni mpaka lini?"

"Mgeni? Hapa ni kwako, mama."

"Kila siku unanipa wali mweupe, kwenye sahani ya kioo. Mgeni huwa anaaga akaenda zake. Mimi sina pa kwenda."

Nilikwenda jikoni nikasimama tu. Nilitaka kulia na nilitaka pia kubishana naye. Jioni ile nilinunua mkaa kwa jirani, nikachimbua sufuria kuukuu ya alumini iliyokuwa chini ya sinki, nikawasha jiko la mkaa nje ya mlango wa nyuma. Nikapika kama yeye, nikapalia makaa juu, nikauacha wali mpaka harufu ilipoanza kubadilika, halafu nikauacha tena kidogo. Nilipakua ule mweupe nikauweka kando. Nikaleta sufuria yenyewe ndani, nikakaa sakafuni miguuni pake na kukwangua.

Meno hayakuwa yanamsaidia tena. Nilichovya vipande kwenye chai ya maziwa mpaka vikalainika, akavimung'unya polepole, macho kayafumba.

"Umeunguza," alisema. Kisha akanyoosha mkono apewe kingine.

Hicho ndicho alichokula kwangu mpaka alipoacha kula kabisa. Alifariki kabla baridi haijaisha. Tulimrudisha juu, tukamzika karibu na migomba yake, na watu walikuwa wengi, na wali ulipikwa kwenye masufuria makubwa ambayo sikuyasogelea.

Baada ya watu kutawanyika nilikaa mjini muda mrefu bila kupanda mlimani. Nilipopanda, wifi yangu, mke wa kaka, alinipokea vizuri mno. Alinikalisha sebuleni. Alinimwagia maji ya kunawa, akaniletea wali kwenye sahani ya kioo, mojawapo ya zile zile za mama. Kisha akarudi jikoni kwa wanawe, na baada ya kitambo nikasikia kijiko kikikwangua sufuria.

"Wifi," nilimwita, "na mimi niletee ukoko."

Akatokea mlangoni akicheka, anafuta mikono kwenye kanga. "Jamani, wifi. Nikupe ukoko wewe, umetoka mjini kote huko? Kula, chakula kipo."

Hakuwa na ubaya wowote. Mama mwenyewe angefanya vile vile. Nikavuta sahani karibu nikala. Wali ulikuwa umeiva vizuri, punje moja moja, na chumvi imekolea, na nilipomaliza vijiko vitatu nilimwambia asante sana, nimeshiba.