Meno ya Masanja

Wiki iliyopita, sokoni Bariadi, nilimwona fundi betri akiyeyusha madini ya risasi kwenye kikaango, huku binti yake mdogo akichezea vipande vilivyokwisha kupoa na kuving'ata. Harufu ile kali ikanirudisha uani kwetu Kiloleli, alasiri moja ya kiangazi.

Baba alitengeneza vizito vya nyavu kwa risasi ya betri chakavu. Koleo hatukuwa nalo, kwa hiyo watoto tulivibana kwenye kamba kwa meno. Kaka yangu Masanja alibana vingi kutuzidi wote.

"Huyu ana meno ya fisi!" baba alimsifu.

Nililia kwa wivu, maana mimi nilikuwa na mapengo mbele. Sikujua kwamba mapengo yale yalikuwa yananiokoa.

Jioni Masanja alijikunja kwa maumivu ya tumbo. "Minyoo hiyo," mayu, mama yetu, alisema, akampa dawa. Maumivu yalirudi tena na tena. Kisha Masanja, aliyenifundisha kusoma, akaanza kusahau herufi, nasi tukamwita mvivu.

Sasa mimi ni nesi. Nilimwambia yule fundi amnawishe mtoto, amtoe pale, na kesho yake amlete hospitali apimwe damu kama ina risasi.

"Mbona haumwi, dada?"

"Hata kaka yangu alianza hivyo hivyo."

Kesho yake hawakuja. Nikarudi sokoni, nikambeba mtoto mgongoni hadi hospitali, baba yake akitufuata kwa manung'uniko. Njiani mtoto alicheka, nikageuka kumtazama.

Meno yote yalikuwepo, bila pengo hata moja.